Warudishe Watu Kwenye Picha

Mimi nilikuwa mkataji. Watu wa Bwera na Kasese wameniita mpiga picha, mtangazaji, mwandishi wa habari, na yote hayo nimeyafanya, lakini ukinibana niseme kazi yangu hasa ilikuwa ipi, ilikuwa kukata. Nilikata filamu, nilikata maneno ya matangazo, na kwenye gazeti nilikata mpaka nikakata riziki ya mtu. Sasa nimestaafu, magoti yananisumbua, na kila mwaka kuna mwalimu huniita niongee na ninyi mnaosomea mambo ya habari. Hupenda niwaeleze yale maneno makubwa ya vitabuni: mlengwa, uwakilishi, mlinda lango. Nitayaeleza, ila kwa njia yangu. Anayetaka kuambiwa kwamba kazi hii ni ya heshima tu aondoke mapema akanywe chai.

Nilianzia kwenye ukumbi wa video wa Hajji Twaha, Bwera, mji wa Uganda ulio karibu na mpaka wa Kongo. Hajji alikuwa na malori mawili na televisheni moja, na aliyoionea fahari ni televisheni. Siku za soko, mchana, ukumbi ulijaa wapagazi, mawakala wa forodha na wafanyabiashara waliovuka kutoka Kongo. Mimi nilikaa kando ya televisheni na kipaza sauti, nikitafsiri filamu kwa Kiswahili, nikizidiwa naongeza Lukonzo, lugha yetu ya nyumbani. Kusema kweli, waigizaji wenyewe sikuwaelewa hata nusu. Nilibuni. Kuna jambazi mmoja nilimpa ugonjwa wa meno katika filamu nzima kwa sababu alikuwa anashika shavu, na watu walimhurumia.

Siku moja mashine ilitafuna mkanda katikati. Hajji aliutoa, akakata kipande kilichoharibika kwa wembe, akaunganisha ncha mbili kwa selotepu. Kabla ya hapo kulikuwa na mtu anatazama nje ya dirisha, uso mkavu, halafu linakuja basi. Baada ya kukatwa, yule mtu anatazama dirishani, halafu linakuja jeneza. Wanawake wa mbele wakaanza kujifuta macho. Mmoja akasema, "Ona vile anavumilia, masikini." Mtu yule alikuwa hajavumilia chochote. Uso wake ulikuwa ule ule wa jana, alipokuwa anangoja basi.

Hajji akaninong'oneza kwa jina langu, "Kule, umeona? Sura ni ile ile. Hawa wanalia juu ya sanduku, hawalii juu ya yeye."

Hajji huyo hakusoma hata darasa la saba, na alichonifundisha pale ndicho mnachofundishwa ninyi kwa muhula mzima: picha haina maana peke yake, maana huipata kwa jirani yake. Nililielewa somo hilo vizuri sana, na kulielewa hakukunisaidia siku nilipolihitaji.

Baada ya ukumbi nikaingia kwenye matangazo. Tulikuwa na pikapu yenye spika mbili juu, tukizunguka kutoka Bwera hadi Munkunyu na kushuka mpaka Kikorongo, pale mabasi na malori yanaposimama. Mnapenda kusema "mlengwa". Mlengwa kwa lugha yangu ni kwamba sabuni ni moja, midomo ni mitatu. Mpondwe niliwaambia akina mama wa Kikatoliki kwamba sabuni hii inatunza kitenge cha kwenda misa. Munkunyu niliwaambia wakulima inatoa utomvu wa ndizi. Kikorongo niliwaambia madereva inaondoa grisi. Ile sabuni ilikuwa inafanya jambo moja tu kwa uhakika, nalo ni kuchujua rangi ya nguo. Nilisema pia kwamba mke wangu anaitumia, ilhali mke wangu hakuwahi kuiona. Mama mmoja wa Munkunyu alinisimamisha barabarani akaninyooshea kitenge kilichokuwa na maua mekundu, sasa hakina hata jani. Hakunitukana. Alinionyesha tu, akakikunja, akaenda zake. Nilicheka na dereva wangu njia nzima, na kicheko hicho nakionea aibu leo.

Nawaambia haya ili mjue sauti yangu ilikuwa inajulikana. Kuanzia Kikorongo mpaka mpakani, mtoto angeisikia angejua Kule anauza kitu.

Sasa gazeti. Lilikuwa la kila wiki, likiandikwa Kiingereza na Lukonzo, na ofisi ilikuwa Kasese. Mhariri alikuwa kijana aliyesoma, mstaarabu, shati jeupe kila siku. Mimi nilikuwa mtu wake wa Bwera na Mpondwe: napiga picha, naandika mistari miwili mitatu, napanda gari kupeleka. Kazi ya picha ina ujuzi wake, na huo niwape bure. Piga ya karibu, halafu rudi nyuma hatua tatu upige tena, kwa maana ile ya mbali ndiyo itakayokukumbusha ukweli. Maelezo ya chini ya picha yaandike ukiwa bado umesimama palepale, usiyaache uyaandikie kwenye gari. Na uliza jina lote. Sikufanya hilo la mwisho, na ndilo lililoleta haya nitakayowasimulia.

Ule ulikuwa wakati wa homa ile mbaya ya kuambukiza upande wa Beni na Butembo, ndani ya Kongo. Mpakani Mpondwe kila anayevuka alinawa maji ya dawa, kisha akapimwa joto kwa kile kipimo cha kuelekezwa kwenye paji la uso. Nasema kila anayevuka. Ijumaa hiyo nilipiga foleni nzima. Mbele alikuwa mama muuza mawese, mtu wa Butembo, tuliyekuwa tunasalimiana kwa miaka. Nyuma yake Hajji Twaha mwenyewe, kofia mkononi. Nyuma ya Hajji, mtawa anacheka. Kisha wakala wa forodha ameshikilia karatasi kwa meno, kisha askari, kisha watu na watu mpaka barabarani. Muuguzi alipomwelekezea yule mama kipimo, akafumba macho, kama yeyote anavyofumba akisogezewa kitu usoni. Nikabonyeza wakati huo huo.

Wote walipita. Dakika tano baadaye yule mama alikuwa sokoni anapanga bido zake, yale madumu ya mawese.

Mhariri alitazama picha kwenye kompyuta, akakunja uso. "Kule, hapa kuna umati, na umati hauna sura. Nipe mtu mmoja."

Nikampa. Mkono wangu mwenyewe ndio uliokata. Nilimtoa askari, nikamtoa wakala, nikamtoa mtawa na kicheko chake, na mwisho nikamtoa Hajji, aliyekuwa amebaki bega moja. Palibaki uso wa mwanamke aliyefumba macho, na mkono wenye glavu unaomwelekezea kipimo. Nilipoona ilivyopendeza nilijipongeza. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na mpaka leo siwezi kusema vinginevyo, na hilo linaniudhi.

Chini nikaandika: "Masika, mfanyabiashara, akipimwa joto Mpondwe pamoja na wasafiri wengine. Wote walipita."

Wageni wa huku wanielewe. Sisi Wakonzo, na ndugu zetu Wanande wa ng'ambo, tunamwita mtoto kwa zamu aliyozaliwa. Msichana wa kwanza ni Masika. Mvulana wa nne ni Kule, ndiye mimi, na Kongo huniita Kakule. Kila nyumba iliyojaliwa binti ina Masika wake. Kwa hiyo nilijiona mwerevu: nikiandika Masika peke yake nimemficha, kwa sababu ni kama kuandika "binti wa kwanza". Jina lake la ubatizo sikuliuliza, wala la baba yake. Miaka yote ile tulisalimiana kwa zamu zetu, Masika na Kakule, na tukaridhika.

Gazeti lilipotoka, maelezo yalikuwa yamebadilika. "Masika, muuza mawese kutoka Kongo, mikononi mwa wahudumu wa afya Mpondwe." Wasafiri wengine hawamo, na kupita hawakupita. Na juu yake, kwenye habari nyingine kabisa, kichwa kikubwa: homa inakaribia. Niambieni uongo uko wapi. Alikuwa Masika, aliuza mawese, alitoka Kongo, wahudumu walikuwepo. Kila neno lingeapishwa mahakamani lingepona. Nilijua nilichokuwa nakitazama. Lilikuwa lile jeneza la Hajji.

Niliuliza kwa simu kwa nini amekata maneno yangu. Mhariri akajibu kwa upole kwamba nafasi ilikuwa ndogo. Huyo ndiye mlinda lango wenu wa vitabuni. Msimfikirie jitu lenye rungu. Ni kijana mwenye adabu, na nafasi yake ni ndogo.

Ijumaa iliyofuata nilifika Mpondwe, na Masika akaniita kabla sijamwona.

"Papa Kakule, kuya hapa."

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, bido zake zimejaa mpaka shingoni. Kushoto na kulia kwake wauzaji walikuwa wamesogeza vitu vyao, nafasi ya watu wawili kila upande.

"Tangu asubui hakuna mutu amenunua," alisema. "Bido ziko zinaniangalia, na mimi niko ninaziangalia. Jumapili kwa misa banaacha benchi yote kwa mimi peke yangu. Sasa unijibu. Ile siku, kwa mulolongo, tulikuwa batu wangapi?"

"Wengi, mama."

"Na kwa jurnali tuko wangapi?"

Nikaishusha kamera begani.

"Bale wengine ulibapeleka wapi?"

Nilianza kumweleza habari za mhariri na nafasi. Aliinua kiganja kunizuia. "Sitaki pole yako. Sitaki unieleze kazi yenu. Nataka urudishe batu kwa foto. Batu baone tulikuwa wote. Kama hawarudi, mimi hapa soko imekwisha."

Hakulia, na wala hakupandisha sauti. Alitaka kitu kimoja, na kilikuwa haki yake.

Nikaenda Kasese siku iyo hiyo nikaomba picha nzima itoke ukurasa ule ule. Mhariri alikubali kwamba kosa lipo. Alikuwa muungwana hadi kwenye kukataa. Nafasi ya picha ilikuwa imeshachukuliwa na tangazo la magodoro, akasema, lakini masahihisho yatatoka. Yakatoka kweli, ukurasa wa ndani, chini ya ratiba ya mpira, mstari mmoja na nusu: gazeti linapenda kufafanua kwamba Masika, aliyetajwa wiki iliyopita, ni mzima wa afya.

Masika yupi? Uso haupo. Mpondwe peke yake nilihesabu Masika watano wenye meza. Yule anayeuza samaki alisomewa, akapiga makofi: "Asante gazeti, nimeoshwa na sikuwa mchafu." Watu wakacheka sana. Nao wengi pale hawasomi Kiingereza wala Lukonzo. Picha walikuwa wameiona, na picha haihitaji kusomewa. Basi kile nilichodhani ni kinga yake kikawa kitanzi. Siku ya kuhukumiwa jina moja lilitosha kwa sababu uso ulikuwepo. Siku ya kusafishwa jina lile lile likawa la kila mtu. Mtu wa Kampala angeweza kukosea hivyo nikamsamehe. Mimi ni Kule, najua kuna akina Kule wangapi katika kata yangu.

Nikamkimbilia Hajji Twaha. Lori lake ndilo lililokuwa likibeba mawese ya Masika kwenda Kikorongo na Kasese. Nilimkuta amelisimamisha mbele ya duka, na bido za Masika hazimo.

"Hajji, wewe ulikuwa nyuma yake. Ulipimwa baada yake. Unajua."

"Mimi najua," alisema, akilitazama gurudumu. "Watu ya Kikorongo hawajui. Wakiona bido ya huyu mama kwa lori yangu, hata hizo zingine hawanunui. Wewe umeleta hii kitu, Kule. Mimi nabeba mizigo tu."

"Ungewaambia tu."

"Niwaambie nini? Kwa picha mimi siko."

Nilimchukia Hajji siku ile, na sijamaliza. Mwalimu wangu wa kwanza, mtu aliyenionyesha kwa wembe na selotepu jinsi watu wanavyolizwa, alikubali kubaki nje ya picha kwa sababu nje kulikuwa na usalama. Na aliyemtoa ni mimi. Hiyo ndiyo inayoniuma zaidi ya kumchukia.

Nilichobaki nacho ni kufanya mwenyewe. Ile picha ya foleni nzima nilikuwa nayo. Nikaichapisha kwenye studio moja Kasese, kubwa kama meza, nikaikunja nikashuka nayo Mpondwe siku ya soko. Masika aliifungua juu ya bido mbili akainama juu yake. Alikaa muda mrefu akipitisha kidole bila kuigusa karatasi.

"Huyu masera alikuwa anacheka juu ya viatu vyake, maji ilimwagikia," alisema alipofika kwa mtawa. "Huyu wa karatasi, ananipita sasa kwa mbali. Huyu aliniulizia bei ya bido mbili. Hajji, huyu." Kidole kilisimama kwenye kofia ya Hajji. Kisha akaniuliza, "Jina yangu unaijua?"

"Masika."

"Masika Georgette. Andika."

Niliandika kwenye kiganja, mbele yake, baada ya miaka yote hiyo.

"Sasa itundike hapo," akasema. "Na usimame pembeni yake, useme na kinywa yako kile ulifanya. Mimi nikisema, ninajitetea. Weye ndiye ulikata."

Nilitaka kukataa, sitawadanganya. Nilikuwa na jina langu sokoni. Lakini niliitundika kwenye nguzo ya meza yake, nikasimama, nikavuta pumzi, nikaanza. Niliwaambia ndugu wateja, tazameni, huyu hapa ni Masika Georgette, na nyuma yake ni watu wote wa Mpondwe, wote walipimwa, wote wazima, mimi Kule ndiye niliyewakata.

Watu walikuja, wengi kuliko nilivyotegemea. Walisimama wakasikiliza mpaka mwisho, wakitabasamu. Halafu nikaona wanatabasamu vibaya. Sauti niliyoitumia ilikuwa ile ile ya pikapu, ile inayopanda mwishoni mwa sentensi, kwa sababu sina nyingine ya kusemea sokoni. Mpagazi mmoja akamwambia mwenzake, "Leo mzee anatangaza mawese." Mwingine akauliza ni nani amenituma. Nikasema hakuna aliyenituma, na kadiri nilivyoapa ndivyo walivyozidi kucheka, kwa maana hata sabuni niliiapia. Picha yenyewe waliitazama. Mama mmoja alisema siku hizi kwenye kompyuta unaweza kuongeza watu wowote unaotaka.

Masika alivumilia kidogo. Kisha akanishika mkono wa shati.

"Papa Kakule, acha. Mbele balikuwa banaogopa. Sasa banacheka. Unazidi kubaita."

Akaitoa ile picha kwenye nguzo, akaiviringisha vizuri, akaiweka ndani ya kikapu chake. Akamwita mpagazi amrudishie bido ng'ambo. Mpagazi aliziinua kwa kuzishika kwa kitambaa. Masika aliona, nami niliona.

Ninyi mnaopiga kwa simu na kutuma kabla hamjafika nyumbani, sina la kuwatisha nalo. Homa ile ilipita, gazeti lile likafungwa, mhariri amepata kazi nzuri zaidi, Hajji bado ana malori. Mimi nilipostaafu nilipewa saa ya ukutani na hotuba fupi. Anayeuza pale alipokaa Masika ni kijana wa ndala za plastiki.

Masika anauzia Kasindi sasa, upande wa Kongo, wateja wachache kuliko zamani. Najua kwa sababu mke wangu huvuka kununua mawese kwake. Mara ya kwanza alijieleza kuwa yeye ni mke wa nani, maana hapendi kujificha. Masika alimpimia, akamjazia kidogo juu kama anavyomjazia kila mtu, akamfungia vizuri isimwagike njiani. Kisha akamwambia, "Mama, uje siku yoyote. Bwana yako asikuje."

Sijavuka.